Mistari Iliyokwisha Kuchorwa: Kwa Nini Kupaka Rangi Humtuliza Mtu Mzima

Chukua karatasi yenye mistari ya mawimbi inayokatana, mawimbi matupu, bila ua wala ndege wala sura ya mtu. Mistari hiyo imeigawa karatasi vipande arobaini au hamsini hivi, vingine vipana kama yai, vingine vyembamba kama ukucha. Unashika penseli ya buluu, unachagua kipande kimoja karibu na katikati, unaanza kupaka taratibu kutoka ukingoni. Dakika mbili tatu za mwanzo akili bado iko kule ilikokuwa: ujumbe ambao hujaujibu, neno ulilomwambia mtu mchana na sasa unalijutia. Kisha, bila wewe kujua ni wakati gani hasa, mawazo yale yanapungua sauti. Kilichobaki ni ncha ya penseli, ule ukingo, na swali la kama kipande cha pili nacho kiwe buluu au kiwe kijani.

Nimekuwa nikipaka rangi hivi jioni nyingi kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa ni lile lile: mtu mzima anapata nini kwa kujaza rangi ndani ya mistari aliyochora mtu mwingine? Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa dharau kidogo, maana kupaka rangi wengi wetu tulikuacha chekechea. Majibu yanayozunguka mitandaoni hayatoshi. Huyu anasema ni tiba, yule anasema ni tafakuri, mwingine anasema duara lina nguvu za kale. Kila jibu lina ukweli wake na lina chumvi yake. Inafaa kuyachambua, kwa sababu ukijua utulivu unatoka wapi utajua pia uchague mchoro wa namna gani, na wakati gani uuweke kando.

Uzito wa karatasi tupu

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walichapisha matokeo ya jaribio dogo walilowafanyia wanafunzi 84 wa chuo. Kwanza waliwatia wasiwasi makusudi: kila mmoja aliandika kwa ufupi kuhusu tukio lililowahi kumtisha sana. Kisha waliwagawa makundi matatu bila kuchagua nani aende wapi. Kundi la kwanza lilipewa mandala, yaani mchoro wa duara wenye maumbo yanayojirudia kutoka katikati. La pili lilipewa mchoro wa miraba, mistari iliyosimama na iliyolala ikikatana kama kwenye kitambaa cha shati. La tatu lilipewa karatasi nyeupe na ruhusa ya kupaka chochote. Walipopimwa baadaye, wasiwasi wa makundi mawili ya kwanza ulikuwa umeshuka, tena kwa kiasi kinachokaribiana. Wale wa karatasi nyeupe hawakupata nafuu ya namna hiyo.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Karatasi tupu imejaa uhuru, na uhuru huo ni kazi. Lazima uamue uchore nini, uanzie wapi, kiwe kikubwa kiasi gani, na nyuma ya kila uamuzi yupo hakimu anayekunong'oneza kwamba hujui kuchora. Mchoro uliokwisha kuchorwa umekuondolea maamuzi mazito yote, ukakuachia mepesi: rangi ipi, kipande kipi. Uamuzi mwepesi hauna hasara. Ukipaka kipande rangi ya machungwa na kisha ukaona haipendezi, cha jirani kinakungoja, na kinaweza kubadilisha kabisa namna unavyokiona kile cha kwanza.

Hata hivyo michoro yote haikuondolei mzigo kwa kiasi kimoja. Ua lina madai yake. Jani linajulikana kuwa la kijani, na ukilipaka zambarau kuna kisauti kinachosema sivyo. Sura ya mtu ndiyo ngumu kuliko yote, kwa kuwa macho yetu yanazijua sura mno na hayasamehe kosa. Umbo dhahania, lile lisilo la kitu chochote, halina mfano duniani wa kulinganishwa nalo. Hakuna atakayekuambia pembetatu yako ilipaswa kuwa njano. Hili lina maana ya pekee kwa watu wasiozitofautisha vizuri rangi nyekundu na kijani, nao si wachache: kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mmoja katika kila 12 ana hali hiyo. Kwenye picha ya bustani mtu huyo anaweza kujiona amekosea. Kwenye mchoro wa mawimbi anachokiona yeye ndicho sahihi.

Duara lina siri gani?

Mwaka 2012 Renée van der Vennet na Susan Serice walilirudia jaribio lile kwa watu wazima 50, na safari hii mandala ilifanya vizuri kuliko miraba na kuliko karatasi tupu. Tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba siri imo ndani ya duara. Neno mandala ni la Kisanskriti na maana yake ni duara. Watawa wa Kibuddha wa Tibet hutengeneza mandala kwa chembe za mchanga wa rangi, kazi ya siku nyingi, kisha huifagia ikikamilika. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alikuwa mkuu wa kambi ya wanajeshi wa Uingereza waliozuiliwa Château-d'Oex mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na kila asubuhi alichora kijiduara katika daftari lake, akakiona kama picha ya hali ya moyo wake siku hiyo.

Ni historia nzuri, nami naiheshimu. Ila tazama tofauti iliyopo: mtawa anaitengeneza mandala yake chembe kwa chembe, na Jung alianza na ukurasa mtupu. Hakuna kati yao aliyekuwa akijaza rangi kwenye mistari iliyochapishwa. Anayepaka rangi mandala ya kununua anafanya jambo jingine, ambalo lina uzuri wake lenyewe. Ninavyoona mimi, mandala na miraba vinashirikiana katika mambo mawili: maumbo yanajirudia, na mipaka iko wazi. Kujirudia kunamaanisha kwamba ukishalielewa umbo moja umeyaelewa yote, na mkono unaweza kuendelea bila kuuliza kila mara. Kama duara lakupendeza, lichukue. Kama mistari ya mawimbi au pembetatu zinakutuliza zaidi, hujapungukiwa na kitu.

Mkono una kazi, masikio yako huru

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halikuwa hata la utulivu. Mwaka 2009 Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliorekodiwa, ujumbe wa kuchosha uliojaa majina ya watu na ya mahali. Nusu yao walisikiliza tu na kuandika majina waliyoagizwa. Nusu nyingine, huku wakisikiliza, walipewa karatasi yenye maumbo madogo ya mraba na duara, wayajaze kwa penseli bila kujali unadhifu wala kasi. Baadaye walishtukizwa kwa mtihani wa kumbukumbu. Waliokuwa wakijaza maumbo walikumbuka mambo mengi zaidi kwa asilimia 29.

Mtu angetarajia kinyume chake, kwamba kazi ya mkono ingewaibia usikivu. Maelezo ya Andrade ni kwamba akili iliyochoshwa haikai bure; huanza kuota ndoto za mchana, na ndoto hizo zinakula nafasi kubwa. Kazi nyepesi ya mkono inachukua nafasi ndogo, kiasi cha kutosha kuzizuia ndoto zile zisianze. Sasa weka wasiwasi mahali pa ndoto. Wasiwasi wa usiku huja kwa maneno, sentensi ile ile ikijirudia: ningesema hivi, na yeye akisema vile, itakuwaje. Unahitaji nafasi ya kuzunguka. Ukiyapa macho na vidole shughuli isiyo nzito, ile sentensi inakosa uwanja mpana wa kukimbilia. Haifutiki, inasikika kwa mbali, nawe unaweza kuiacha ipite.

Ndiyo maana vilevile kupaka rangi hakugombani na redio, wala na mazungumzo. Nimewahi kukaa na ndugu yangu mezani, kila mmoja na karatasi yake, tukazungumza jambo ambalo kwa miezi tulishindwa kulizungumza tukitazamana. Macho yalikuwa kwenye karatasi, kimya cha dakika moja hakikumtia mtu aibu, na maneno yakaja yenyewe.

Kwa nini mchoro uwe sahili

Miaka ya 2013 hadi 2016 vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima vilishika soko kwa kasi ya ajabu. Nchini Marekani peke yake kampuni ya takwimu ya Nielsen ilikadiria kwamba mwaka 2015 ziliuzwa nakala milioni 12, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa kama milioni moja tu. Vingi kati ya vitabu hivyo vilijaa michoro iliyosongamana: misitu, kasri, samaki wenye magamba mamia, kila gamba na kijimstari chake ndani.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha namna hiyo. Nilikifungua kwa hamu, nikapaka usiku wa kwanza, wa pili, na wa tatu nikakifunga. Shingo iliniuma, macho yalichoka, na nilikuwa nimemaliza kona moja yenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Nilitafuta kupumzika nikajikuta na kazi nyingine yenye kudai imalizike. Wapo wanaoufurahia mchoro wa aina hiyo, na sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba ugumu si alama ya ubora katika jambo hili.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, Mmarekani mwenye asili ya Hungaria, alieleza tangu miaka ya 1970 hali ya mtu kuzama katika jambo hadi akasahau saa. Hali hiyo hutokea pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu: kazi ikizidi uwezo inaleta wasiwasi, ikipungua inaleta uchovu wa kukinai. Watu huisoma hoja hii wakadhani inawaambia watafute kazi ngumu. Lakini uwezo wa mtu saa tatu usiku, baada ya siku nzima ya kazi, si uwezo wake wa saa tatu asubuhi. Umeshuka, na mchoro unapaswa kushuka pamoja nao. Kipimo changu ni cha mkono: kipande kidogo kuliko vyote kisipungue upana wa ukucha wa kidole gumba, na kipande cha kawaida kimalizike kwa dakika moja au mbili. Hapo unapata raha ya kumaliza kitu mara kwa mara, na ukikatishwa na mlango au simu hujapoteza chochote.

Rangi ngapi zinatosha?

Sanduku la penseli 72 linavutia dukani, lakini linarudisha mlangoni ule mzigo wa kuamua tuliokwisha kuutoa. Kwa hiyo swali la rangi ngapi ni la maana, na wanahisabati wamelijibu kwa namna ya kufurahisha.

Mwaka 1852 kijana aitwaye Francis Guthrie, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa hisabati Afrika Kusini, alikuwa akiipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza. Aligundua kwamba rangi nne zilimtosha kuhakikisha majimbo mawili yanayopakana hayafanani rangi. Akajiuliza kama ni hivyo kwa kila ramani. Swali linaonekana la kitoto, lakini liliwatesa wataalamu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1879 Alfred Kempe alitoa uthibitisho uliokubaliwa kwa miaka 11, hadi Percy Heawood alipoonyesha una kasoro. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walilimaliza kwa msaada wa kompyuta iliyofanya hesabu kwa zaidi ya saa 1,000. Jibu ni ndiyo. Mchoro wowote ulio juu ya karatasi, hata uwe na vipande elfu, unatosheka na rangi nne bila majirani wa mpaka mmoja kufanana. Wanaogusana kwenye nukta tu hawahesabiwi.

Ipo michoro inayotosheka na mbili. Weka penseli kwenye karatasi, chora mstari mmoja mrefu unaopinda, unaojizungusha na kujikata mara nyingi upendavyo, bila kuuinua mkono, kisha urudi pale ulipoanzia. Tayari umejitengenezea mchoro dhahania wa kupaka. Paka kipande kimoja nyekundu, na kila kilicho ng'ambo ya mstari kiwe njano. Kila unapovuka mstari, badilisha rangi. Hutakwama popote. Sababu yake ni kwamba mstari unaorudi ulikotoka una ndani na nje, na safari yoyote inayoanzia kwenye kipande fulani na kurejea kipande kile kile lazima iuvuke mara zisizo witiri, mbili, nne, sita, kwa hiyo unafika nyumbani na rangi uliyoondoka nayo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilipaka kwa mashaka hadi kipande cha mwisho, nikisubiri mahali patakapogoma. Hapakugoma.

Tangu siku hiyo mimi huchagua penseli nne, mara chache tano, kisha nalifunga sanduku na kulisogeza mbali.

Uchache wa rangi hauleti uchovu, kwa sababu rangi moja si rangi moja. Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana dhaifu. Alichunguza rangi yenyewe, akaikuta nzima. Kasoro ilitoka kwa nyuzi za jirani: rangi iliyowekwa kando ya nyingine hubadilika machoni. Aliyaandika hayo kwa kirefu mwaka 1839. Yajaribu mwenyewe. Paka vipande viwili kwa penseli ile ile ya kijivu, kimoja ukizungushie nyekundu, kingine kijani. Cha kwanza kitaonekana kuelekea ukijani kidogo, cha pili kuelekea uwekundu. Zambarau kando ya njano inawaka. Kando ya buluu inatulia. Ukishaliona hili, kuchagua rangi ya kipande kinachofuata kunakuwa udadisi, na udadisi ni hali nzuri ya kuingia nayo usiku.

Karatasi, penseli, mkono

Vifaa havihitaji maneno mengi. Karatasi ya kawaida ya printa, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba, inatosha kwa penseli. Kalamu za wino wa rangi huipenya na kutia madoa upande wa pili, kwa hiyo ukizipenda tafuta karatasi ya gramu 120 au zaidi. Jambo moja tu linastahili kukaziwa, nalo ni mbonyezo. Uso wa karatasi, hata unaoonekana laini, una vijimeno vidogo vya nyuzi, na penseli huacha rangi yake kwa kukwaruzwa na vijimeno hivyo. Ukibonyeza kwa nguvu tangu mwanzo, nta iliyomo kwenye penseli inajaza mashimo yote, uso unang'aa, na rangi ya pili inateleza bila kushika. Anza kwa uzito wa mkono wenyewe tu. Zungusha ukingo kwanza kwa ncha iliyochongwa, kisha jaza ndani kwa miduara midogo inayopandana. Safu tatu nyepesi zina kina ambacho safu moja nzito haiwezi kukipata, na mkono usiobonyeza hauchoki. Vidole vikianza kukaza bila wewe kuviambia, hiyo ni habari: unakimbilia kumaliza.

Mipaka ya dawa hii

Neno tiba lina wenyewe. Tiba ya sanaa ni taaluma: anakuwepo mtaalamu aliyesomea, kuna mazungumzo, na kazi ya mikono ni njia ya kufikia jambo ambalo mgonjwa hajaweza kulisema. Mwaka 2017 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walilinganisha kupaka rangi na kipindi cha kutengeneza sanaa huru mbele ya mtaalamu wa aina hiyo. Vyote viwili vilipunguza msongo wa mawazo. Ila kile cha mtaalamu kiliinua zaidi furaha na hali ya mtu kujiona anaweza. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwapa wanafunzi wa kike kazi ya kila siku kwa wiki moja, wengine kupaka rangi, wengine kutegua mafumbo ya kimantiki. Wapakaji waliripoti dalili za huzuni na wasiwasi zilizopungua. Wategua mafumbo hawakuripoti hivyo.

Naona matokeo haya yanatia moyo, na naona pia kwamba ni ya vikundi vidogo, mengi yakiwa ya wanafunzi, yaliyopimwa kwa kuwauliza watu wenyewe na kwa muda mfupi. Yanatosha kukuambia kwamba nusu saa ya penseli inaweza kukutuliza leo. Hayatoshi kukuambia kwamba itaondoa ugonjwa. Mtu ambaye usingizi umempotea kwa wiki kadhaa, au ambaye huzuni imemfanya ashindwe kula na kufanya kazi, anahitaji daktari, na penseli zitamsubiri. Na mtu aliyejaribu mara tatu nne akaona anakereka tu, kwa mfano yule ambaye kila rangi inayotoka nje ya mstari inamwudhi hadi atake kuichana karatasi, aache kwa amani. Kusuka, kulima bustani au kutembea huenda kukamfaa zaidi.

Wengi huniuliza wafanye nini na karatasi zikishajaa. Zangu nyingi naziweka kwenye bahasha na sizitazami tena. Lakini kamwe siendi kulala nikiwa nimemaliza kipande nilichonacho mkononi. Nakiacha nusu, ukingo umeshazungushwa na ndani bado peupe, penseli yake imelazwa juu ya karatasi. Kesho yake jioni nikikaa sina haja ya kujiuliza nianzie wapi wala kwa rangi gani. Naishika ile penseli na kuendelea.